Kupenda somo si kupenda kazi: kijana achague taaluma kwa kipimo gani?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka Januari, swali moja huzunguka majumbani, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na kwenye vipindi vya redio: huyu mtoto asome nini? Mwaka 2024 swali hilo lilizidi uzito. Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa tahasusi za kidato cha tano, yaani kombi za masomo anazochagua mwanafunzi, zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini, na wahitimu wakapewa nafasi ya kubadilisha machaguo waliyokwisha kuyajaza kwenye fomu ya Selform wakiwa bado shuleni. Mzazi aliyezoea PCB (fizikia, kemia na baiolojia), EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) akakutana na orodha ndefu asiyoijua. Wengi waliuliza jambo la haki kabisa: kombi hii mpya inampeleka mtoto chuo gani, na chuo hicho kinampeleka kwenye kazi gani?

Kenya nako wamefika pahali panapofanana, kwa njia yao. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, na kabla ya hapo kila mmoja alitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Hawa ni watoto wa miaka 14 au 15.

Ushauri wanaopewa unagongana. Huyu anawaambia wafuate wanachokipenda. Yule anawaambia wafuate penye ajira. Mwingine anawatumia dodoso la mtandaoni litakalowaonyesha wao ni watu wa aina gani. Kila ushauri una ukweli ndani yake, na kila mmoja una mahali unapomwacha kijana njiapanda. Naona sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuchanganya mambo mawili: kupenda somo, au kupenda jina la taaluma, na kupenda kazi yenyewe jinsi inavyofanyika kuanzia asubuhi hadi jioni. La kwanza shule inaliuliza kila siku. La pili haliulizwi na mtu.

Enzi ambazo kijana hakuulizwa

Wazo kwamba mtu atafute kazi inayolingana na mapendeleo yake ni geni kidogo katika historia yetu. Baada ya uhuru Tanganyika ilikuwa na wasomi wachache mno. Serikali ilikadiria mahitaji ya wataalamu, ikagawa nafasi za masomo kwa kufuata makadirio hayo, na mhitimu akapangiwa kazi. Sababu ilikuwepo: masomo yake yalilipiwa na wakulima ambao watoto wao wengi hawakufika hata sekondari, kwa hiyo kumuuliza angependa nini kulionekana kama anasa. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule zinazomfanya mtoto aone kijiji na shamba ni mahali pa kukimbia. Hilo nalo ni suala la mapendeleo, ingawa halikuitwa hivyo.

Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili ndipo aombe chuo kikuu, na maoni ya mwajiri wake yalizingatiwa. Utaratibu huo ulikuwa na gharama, hasa kwa wasichana, na baadaye ukalegezwa. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo hatujalirudisha kwa namna nyingine yoyote: aliyechagua shahada alikuwa ameshaona mahali pa kazi, ameshaamrishwa na bosi, ameshasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 na upunguzaji wa watumishi wa miaka ya 1990 vilivunja mkataba ule wa zamani. Serikali haikuweza tena kumwahidi kazi kila mhitimu. Vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwaka 2005, na idadi ya vyuo na kozi ikapanda kwa kasi. Uamuzi uliokuwa wa wizara ukawa wa familia, pamoja na hasara yake endapo mambo yataharibika. Taarifa za kufanyia uamuzi huo hazikuhama nao. Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, pale anapokuwepo, kwa kawaida ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili ambaye jukumu hilo ameongezewa tu, na taaluma anayoijua kwa undani ni ualimu.

Hoja ya kufuata unachokipenda

Hoja hii ilipata sauti kubwa duniani baada ya hotuba ya Steve Jobs wa kampuni ya Apple katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005, alipowaambia wahitimu wasiache kutafuta kazi wanayoipenda. Imeingia kwetu kupitia vitabu vya hamasa, makongamano ya vijana na video fupi za mtandaoni. Watetezi wake wana jambo la maana: kazi inachukua sehemu kubwa ya maisha ya mtu, na anayeichukia huifanya vibaya, huugua kwayo, na mara nyingi huiacha. Tafiti za miongo mingi kuhusu mivuto ya kazi zinaonyesha kuwa aliye kwenye kazi inayolingana na mvuto wake huelekea kudumu na kufanya vizuri zaidi kuliko aliye kwenye kazi isiyomvutia. Hiyo ni faida ya kweli, na haistahili kubezwa na wazee wanaosema kupenda ni mambo ya watoto wa matajiri.

Udhaifu wake unaanzia kwenye chanzo cha mapenzi yenyewe. Kijana anapenda alichokiona. Mtoto wa wilayani amemwona mwalimu, muuguzi, askari, mwenye duka, mchungaji au shehe. Hajamwona mpimaji ardhi akiwa kazini, wala mtaalamu wa takwimu, wala fundi wa mitambo ya hospitali. Akiambiwa afuate anachokipenda, anachagua kutoka kwenye orodha fupi aliyopewa na mazingira. Hata huko kwenye nchi zenye taarifa nyingi, mapenzi ya vijana hayaelekei kwenye ajira moja kwa moja. Mwanasaikolojia Robert Vallerand na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya wanafunzi wa chuo nchini Kanada: wengi wao walikuwa na kitu wanachokipenda sana, lakini kwa sehemu kubwa kilikuwa mchezo, muziki au burudani nyingine. Waliotaja masomo au kazi walikuwa wachache mno.

Kuna tatizo jingine, la ndani zaidi. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Greg Walton walionyesha kuwa anayeamini mapenzi ya kazi ni kitu kilichofichika ndani yake, kinachosubiri kugunduliwa, hukata tamaa haraka zaidi somo linapokuwa gumu. Anahitimisha kuwa kumbe hiki sicho. Anayeamini kuwa mapenzi hukuzwa huvumilia. Naye mwandishi Cal Newport, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alidai kuwa kwa kawaida ustadi hutangulia na mapenzi hufuata. Nakubaliana naye kwa sehemu. Fundi seremala aliyefikia hatua ya kutengeneza kabati bila kurudia kipimo huipenda kazi yake kwa namna ambayo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hawezi kuielewa. Lakini hoja ya Newport ina mpaka. Ustadi hauwezi kumfanya mtu anayeteswa na kelele na umati aipende kazi ya kusimamia kituo cha mabasi, hata akiimudu vizuri namna gani.

Tena ushauri huu hauwagharimu wote sawa. Mwenye wazazi wanaoweza kumlisha kwa miaka mitatu baada ya chuo anaweza kujaribu filamu au ubunifu wa mitindo, akashindwa, akaanza upya. Mzaliwa wa kwanza mwenye wadogo wanne wanaosubiri ada kutoka kwake hana miaka hiyo mitatu. Kumwambia huyu wa pili afuate moyo wake, bila neno juu ya wadogo zake, ni kumtwisha lawama asiyostahili.

Hoja ya kufuata soko

Wazazi wengi wako upande huu, na wana haki ya kuwa huko. Elimu inagharimu, mkopo hulipwa, na kijana aliyekaa nyumbani na shahada ni huzuni ya ukoo mzima. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi na ikapata waombaji zaidi ya 100,000. Mtu aliyeona takwimu hiyo hawezi kulaumiwa akimwambia bintiye achague kozi yenye ajira. Serikali nayo inavuta upande huohuo. Vigezo vya mikopo vimekuwa vikizipa kozi za sayansi, afya na uhandisi kipaumbele, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 Ufadhili wa Samia umekuwa ukiwalipia wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi.

Tatizo la hoja hii ni la wakati. Soko linaloonekana leo si soko litakalomkuta mhitimu. Mfano mkubwa tulionao ni ualimu, na inafaa kuukumbuka kwa utaratibu.

Kuanzia mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulijenga shule za kata kila kona ya nchi. Upungufu wa walimu ukawa mkubwa kiasi kwamba wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vilianzishwa Dar es Salaam na Mkwawa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007, na vyuo binafsi vikafungua shahada za ualimu kwa wingi. Mikopo ilipatikana. Mhitimu alimaliza mitihani na baada ya muda mfupi akaona jina lake kwenye orodha ya waliopangiwa vituo, bila usaili wowote. Kwa kijana wa mwaka 2010, ushauri wa kusoma ualimu kwa sababu una ajira ulikuwa sahihi kwa ushahidi wote uliokuwepo.

Halafu mlango ukabana. Katikati ya muongo uliofuata ajira mpya serikalini zilisimama wakati wa uhakiki wa watumishi. Zilipofunguliwa tena zilikuja kwa mafungu madogo, huku vyuo vikiendelea kutoa walimu kila mwaka. Leo mwalimu huomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na hufanyiwa usaili, na wako waliohitimu miaka mingi iliyopita ambao bado wanasubiri. Walimu wa sayansi na hisabati wana nafuu kuliko wa historia na Kiswahili, lakini nao hawana tena uhakika ule wa zamani. Jambo linaloniuma hapa ni kwamba shule zenyewe bado zina uhaba wa walimu. Watoto wapo, mahitaji yapo. Fedha za mishahara ndizo zilizokoma. Soko la ajira linahusu mahitaji yenye bajeti nyuma yake, na bajeti hubadilika kuliko mahitaji.

Mwanauchumi wa Marekani Richard Freeman aliueleza mzunguko kama huu katika miaka ya 1970 alipowachunguza wahandisi na wanasheria. Wanafunzi huitazama mishahara ya leo, huingia kozi hiyo kwa wingi, hutoka pamoja baada ya miaka minne au mitano, hulijaza soko, mishahara hushuka, wanafunzi wapya hukimbia, kisha uhaba hurudi. Kila mmoja ameamua kwa busara, na wote kwa pamoja wamejikuta kwenye foleni moja.

Kuna pia jambo la hatua zilizofichika. Jina la taaluma huonyesha shahada tu, wakati njia ni ndefu zaidi. Anayesoma sheria akitaka kuwa wakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kuwa kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali. Mhasibu ana mitihani ya bodi. Mhandisi ana usajili. Anayehesabu mshahara bila kuhesabu hatua hizi amehesabu nusu.

Hata hivyo hoja ya soko haifi kwa kasoro hizo. Inatuambia jambo ambalo hoja ya mapenzi hulikwepa: kazi ni kubadilishana, na lazima awepo mtu wa upande wa pili anayehitaji unachokitoa na anayeweza kukilipia. Kosa ni kuigeuza hoja hiyo kuwa utabiri wa miaka mitano mbele kwa kozi moja yenye jina moja.

Hoja ya kupima haiba

Hoja ya tatu ndiyo inayojitangaza kuwa ya kisayansi. Asili yake ni Boston, Marekani, ambako Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mwaka 1908, katika jiji lililojaa wahamiaji na vijana wasiojua pa kuanzia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 baada ya kifo chake. Alifundisha mambo matatu: jijue, zijue kazi, kisha linganisha kwa akili iliyotulia. Nusu karne baadaye, mwaka 1959, mwanasaikolojia John Holland alichapisha nadharia inayotumika mpaka leo. Aliwagawa watu na kazi katika aina sita: wanaopenda vitu na kazi za mikono, wanaopenda kuchunguza, wabunifu, wanaopenda kuwahudumia watu, wanaopenda kuongoza na kushawishi, na wanaopenda mpangilio na kumbukumbu. Madodoso mengi anayokutana nayo kijana mtandaoni ni watoto au wajukuu wa kazi ya Holland.

Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba vinampa kijana maneno ya kujieleza. Aliyekuwa akijibu kwamba anapenda sayansi sasa anaweza kusema kuwa anapenda kuchunguza lakini hapendi kuhudumia watu ana kwa ana. Tofauti hiyo ni kubwa.

Udhaifu ni mkubwa pia. Kwanza, utafiti baada ya utafiti umeonyesha kuwa ulinganifu kati ya mvuto wa mtu na aina ya kazi yake una uhusiano mdogo na kuridhika kwake kazini. Uhusiano upo, ila haubebi uzito wanaoupa wauzaji wa vipimo. Kipimo mashuhuri cha Myers-Briggs kina shida zaidi, kwani wengi wanaokirudia baada ya wiki chache hupata aina tofauti na ile ya mwanzo. Pili, dodoso linauliza kama ungependa kufanya mambo ambayo mtoto wa miaka 16 hajawahi kuyafanya wala kuyaona. Tatu, orodha za kazi zilizofungwa kwenye vipimo hivyo ni za Marekani, ambako kazi ina cheo, mwajiri na maelezo yaliyoandikwa. Hapa kwetu kilimo bado ndicho kinachoajiri watu wengi kuliko sekta nyingine yoyote, na mtu mmoja anaweza kuwa na shamba, duka la miamala ya simu na pikipiki aliyomkabidhi dereva kwa hesabu ya kila siku. Huyo yuko katika aina tatu za Holland kabla ya saa sita mchana.

Siku ya kazi ina nini ndani yake

Kama mvuto haubebi kuridhika, nini kinaleta kuridhika huko? Katika miaka ya 1970 watafiti Richard Hackman na Greg Oldham walijaribu kujibu swali hilo kwa kuitazama kazi badala ya mtu. Walionyesha kuwa kazi huridhisha inapotumia ustadi wa namna mbalimbali, inapomwezesha mtu kuona kitu kizima alichokikamilisha, inapogusa maisha ya wengine, inapompa nafasi ya kuamua mwenyewe, na inapomrudishia majibu kama amefanya vizuri au vibaya. Hakuna hata moja kati ya hayo matano lililoandikwa kwenye jina la kozi.

Hapa ndipo mapendeleo ya kazi yanapopata maana inayoshikika. Tuchukue wasichana watatu waliosoma PCB na wote wanapenda baiolojia. Mmoja anakuwa muuguzi wa wodi: zamu za usiku, kusimama saa nyingi, maumivu ya watu na ndugu zao, kosa dogo lenye uzito mkubwa, lakini pia shukrani ya mgonjwa anayetembea kwa miguu yake kwenda nyumbani. Wa pili anakuwa mtaalamu wa maabara: sampuli, mashine, ukimya, kurudia taratibu zilezile kwa uangalifu, na mgonjwa ni namba tu, hamwoni uso. Wa tatu anakuwa afisa afya wa mazingira: barabarani muda mwingi, kukagua machinjio na migahawa, kubishana na wafanyabiashara, kuandika ripoti. Somo lilikuwa moja. Maisha ni matatu tofauti kabisa, na msichana anayefurahia moja anaweza kunyong'onyea katika jingine.

Kwenye ufundi ni vilevile. Fundi umeme wa majumbani anaingia nyumba za watu, anajadiliana bei, leo ana kazi tatu na kesho hana hata moja. Fundi umeme wa kiwandani ana zamu, mshahara wa mwezi, vifaa vya usalama na bosi. Wote wawili wanaweza kuwa wametoka darasa moja la chuo cha ufundi stadi cha VETA. Swali linalowatenganisha halihusu umeme. Linahusu kama mtu anaweza kulala usingizi bila kujua kipato cha wiki ijayo.

Kwa hiyo yapo maswali yanayostahili kuulizwa kabla ya swali la kozi. Unachoka ukishinda na watu, au unachoka ukishinda peke yako? Unaweza kufanya jambo lilelile kila siku kwa usahihi, au akili yako hudai mabadiliko? Kosa lako likimdhuru mtu, utaweza kurudi kazini kesho yake? Matokeo unayataka jioni ya siku hiyohiyo, kama fundi, au unaweza kuyasubiri msimu mzima, kama bwana shamba, au miaka, kama mtafiti? Na liko moja linalosahaulika sana Tanzania: uko tayari kupangiwa kituo popote? Mwalimu, muuguzi na afisa ugani wanaweza kupelekwa mahali penye maji ya kisima na barabara inayokatika masika. Wapo wanaostawi huko, wakapata shamba, heshima na utulivu. Wapo wanaohangaikia uhamisho tangu mwezi wa kwanza. Kituo kinaweza kuamua furaha ya mtu kuliko taaluma yenyewe.

Maswali haya yana sifa nyingine njema: kijana anaweza kuyajibu. Hajui kama anapenda uhandisi wa mawasiliano, lakini anajua jinsi alivyojisikia alipomsaidia mama sokoni na wateja wakawa wengi, alipokuwa kiranja, alipowafundisha wadogo zake, alipokaa na kazi moja ya mikono mchana kutwa. Anachokichukia amekithibitisha zaidi kuliko anachokipenda. Kwa maoni yangu, katika umri huu orodha ya yale ambayo mtu hayawezi ni ushahidi wa kuaminika kuliko orodha ya ndoto.

Lakini mazingira ya kazi nayo si yote. Mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa watu huiona kazi kwa namna tatu: kama njia ya kupata fedha, kama ngazi ya kupanda, au kama wito. Kilichovutia ni kwamba hata miongoni mwa wasaidizi wa ofisi wanaofanya kazi inayofanana, namna zote tatu zilikuwepo. Kwa hiyo asiyehitaji kazi iwe wito hajapungukiwa na kitu. Wako wanaotaka kazi safi, yenye malipo ya haki na muda unaoisha, ili nguvu zao waziweke kwenye familia, kwaya au msikiti. Hilo nalo ni pendeleo halali, na washauri wa vijana wanapaswa kuliheshimu.

Gharama ya kubadilisha njia

Uamuzi wowote unaofanywa na mtu wa miaka 17 una uwezekano mkubwa wa kuhitaji marekebisho, ndiyo maana gharama ya kurekebisha inastahili kuhesabiwa mapema. Watu husema sayansi inafungua milango yote. Kuna ukweli: wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anaweza kwenda biashara au sheria, na wa HKL hawezi kwenda udaktari. Lakini mlango unafunguliwa na ufaulu. Mwanafunzi aliyesukumwa PCB akatoka na alama dhaifu ana njia finyu kuliko ambazo angekuwa nazo kwa HGE (historia, jiografia na uchumi) aliyoimudu.

Urefu wa mafunzo nao ni sehemu ya hesabu. Ngazi ya cheti na stashahada humfikisha kijana kazini mapema, na stashahada yenye ufaulu mzuri inaweza kumpeleka shahada baadaye. Tabibu aliyesoma stashahada na kufanya kazi, kisha akarudi kusoma udaktari, amechelewa miaka kadhaa lakini amejua anachokiingia. Mkondo wa amali ulioanza mwaka 2024 katika baadhi ya sekondari unaweza kutoa nafasi kama hiyo, endapo karakana na walimu wake vitapatikana. Kinyume chake, shahada ndefu kwa mkopo hukatia njia ya kurudi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayelipa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na deni hilo halijali kama kazi aliyo nayo sasa inahusiana na alichokisomea.

Kuzipima hoja pamoja

Hoja tatu zikiwekwa mezani pamoja, naona kila moja ina kazi yake, ila zimekuwa zikitumika kwa mpangilio mbaya. Ufaulu, fedha na majukumu ya familia huweka uzio: yapo yasiyowezekana mwaka huu, na ni afadhali kuyasema wazi nyumbani kuliko kuyagundua katikati ya chuo. Soko husaidia kuiondoa njia isiyo na mwajiri wala mteja, na kumsogeza kijana kwenye ujuzi unaohitajika na zaidi ya aina moja ya mwajiri. Haliwezi kumchagulia kozi moja. Ndani ya uzio huo, hali za siku ya kazi ndizo zichuje. Zikibaki njia mbili au tatu, hapo mapenzi ya somo yapewe kura ya mwisho, kwa sababu ndiyo yatakayomkesheza na vitabu. Dodoso libaki kuwa kianzio cha mazungumzo.

Mpangilio huu unadai kitu ambacho vijana wengi hawana, yaani kuiona kazi. Na nafasi ya kuwapa ipo, tena haidai bajeti kubwa. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi saba au minane, na dirisha la kubadilisha machaguo hufunguliwa ndani ya kipindi hichohicho. Wengi huimalizia miezi hiyo kwenye masomo ya ziada ya kujiandaa na kidato cha tano au kukaa tu nyumbani. Wiki mbili katika zahanati, wiki mbili kwenye karakana, wiki mbili katika ofisi ya ardhi ya halmashauri zingemfundisha kijana zaidi ya orodha yoyote ya tahasusi. Halmashauri zinasimamia zahanati na ofisi za ardhi, na zingeweza kuzifungua kwa vijana wa kata zao kwa utaratibu mwepesi wa barua ya shule. Pasipo na utaratibu, mzazi anaweza kuanza na ndugu, jirani au muumini mwenzake. Akifika huko, kijana asimuulize mwenyeji kama anaipenda kazi yake, maana kwa adabu atajibiwa kuwa anaipenda. Amuulize jana alifanya nini tangu alipofika hadi alipoondoka, saa kwa saa, na ni sehemu gani ya siku hiyo angefurahi kumwachia mtu mwingine.